Msilaumu wanakijiji peke yao

Ndugu mwandishi, katika makala yako umeeleza vizuri jinsi stesheni ndogo za njia ya reli ya Leseru hadi Kitale, hapa Kenya, zilivyogeuka magofu, ila sababu umeipitia juujuu. Eti wenyeji wameng'oa kila kitu! Kidogo ni kweli. Lakini njia ile ilijengwa miaka ya 1920 kwa ajili ya mahindi, na mahindi yenyewe yakahamia kwenye malori. Treni isipopita, nani atalinda taruma la chuma (kile kipande kinacholazwa chini ya reli) lenye bei kwa mnunuzi wa vyuma chakavu? Mpaka serikali ikapiga marufuku biashara hiyo mwaka 2022, tena kwa miezi michache tu.

Nimekulia upande wa Moi's Bridge, kwenye njia hiyohiyo. Msimu wa mavuno, jukwaa la saruji la stesheni kama hizo ndilo uwanja bora wa kuanika mahindi: liko juu, halituamishi maji, kuku nao unawaona wakija. Akina mama hulifagia kuliko lilivyowahi kufagiwa na shirika la reli (samahani kwa wastaafu wa reli). Na shule ngapi huku zinagonga kipande cha reli badala ya kengele?

Sipingi wazo lako la kuzizungushia stesheni hizo uzio. Ila kwanza kaunti na shirika la reli waseme ardhi ile ni ya nani na mipaka yake iko wapi, maana vibanda vinasogea kila mwaka. Ukiweka uzio kabla ya hapo, utakuwa umewazuia akina mama, na wanyakuzi utawaacha ndani.