Baridi yabisi na jeni ya vitamini D: pesa yako iende wapi?

Ukitafuta habari za maumivu ya viungo mtandaoni, hutakosa ushauri wa kupima jeni ya kipokezi cha vitamini D ili ujue kama uko kwenye hatari ya baridi yabisi (rheumatoid arthritis), ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo. Kwa mgonjwa wa Dodoma, naona huko ni kutupa pesa.

Jeni yenyewe, VDR, iko kwenye kromosomu ya 12. Hutengeneza protini inayopokea vitamini D ndani ya seli, zikiwamo seli za kinga, ndiyo maana ikashukiwa. Tofauti za jeni hiyo zinazotajwa sana ni nne: FokI, BsmI, ApaI na TaqI. FokI pekee ndiyo inayobadili protini: kuna ya asidi amino 427 na ya 424, na hiyo fupi ndiyo huchapa kazi zaidi. Tatu zilizobaki haziigusi protini. Ni alama tu zinazorithiwa pamoja na kitu kingine kilicho jirani, na tatizo linaanzia hapo. Vinasaba vya Waafrika vina tofauti nyingi zaidi, na vipande vinavyorithiwa kwa pamoja ni vifupi. Kwa hiyo alama iliyofuatana na ugonjwa kwa Wazungu inaweza isimwambie kitu Mgogo au Mrangi. Tafiti zenyewe zimepingana, na hata uhusiano ulipoonekana ulikuwa hafifu mbele ya jeni ya kinga iitwayo HLA-DRB1, au mbele ya sigara.

Vitamini D nayo isidharauliwe. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliowapima Wamasai na Wahadzabe wa hapa Tanzania: wastani wa vitamini D kwenye damu yao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, wakati upungufu kwa kawaida huhesabiwa chini ya 50. Jua letu linatosha mwaka mzima. Anayeshinda ofisini Mtumba, kwenye mji wa Serikali hapa Dodoma, asubuhi hadi jioni, au anayejifunika mwili wote, ana hesabu nyingine. Marekani watu 25,871 walifuatiliwa miaka 5 hivi. Matokeo ya 2022 yalionyesha kuwa yuniti 2,000 za vitamini D kwa siku zilipunguza magonjwa ya kinga kujishambulia, yakijumlishwa yote, kwa 22%. Waliopata baridi yabisi peke yake walikuwa wachache mno kutoa hukumu. Usipitishe yuniti 4,000 kwa siku bila daktari, maana kalsiamu ikizidi kwenye damu figo huumia. Na kiwango kikisomeka chini kwa mtu ambaye tayari amevimba, usikimbilie kusema ndicho kilicholeta ugonjwa: uvimbe wenyewe hukishusha.

Angalia mikono. Vidole vikikakamaa asubuhi zaidi ya nusu saa, vifundo vya mikono yote miwili vikavimba, na ukibanwa kiganja kwa pembeni, pale vidole vinapoanzia, ukaruka kwa maumivu, nenda hospitali wiki hiyohiyo. Usipitie duka la dawa kununua prednisolone. Itashusha uvimbe kwa siku chache, na daktari atakuta dalili zimejificha. Huo mtindo unawagharimu watu viungo vyao, na unaniuma sana.

Hospitali, uliza kipimo cha anti-CCP, cha damu, kinachotafuta kingamwili za baridi yabisi. Kile cha rheumatoid factor, kingamwili nyingine, kinaweza kutoka chanya hata kwa mwenye kifua kikuu au homa ya ini, hivyo kisitegemewe peke yake. Ongeza kipimo cha damu cha ESR au CRP kupima ukali wa uvimbe.

Ikithibitika, mara nyingi tiba huanza na metotreksati, na hapa ndipo kosa la hatari hutokea. Ni vidonge vya mara moja kwa WIKI, si kila siku. Akivimeza kila siku, uboho huacha kutengeneza damu, vidonda hujaa mdomoni na mtu anaweza kufa. Andika siku yenyewe kwa kalamu juu ya pakiti, "JUMATATU TU", na asidi ya foliki iwe siku tofauti. Damu na ini vipimwe mara kwa mara. Mwanamke anayetarajia mimba amwambie daktari kabla ya kidonge cha kwanza, kwa kuwa dawa hiyo huharibu mimba.