Kiti mwendo jukwaani hakinitoshi, nataka jibu la mgombea

Naandika haya uchaguzi mkuu wa Tanzania wa Oktoba 29, 2025 ukikaribia, na hapa Dodoma hupiti mtaa bila kusikia spika za kampeni. Mimi natembelea magongo tangu utotoni kwa sababu ya polio, na kila msimu wa uchaguzi naliona jambo lile lile. Mgombea akitaka kuonyesha kwamba anatujali watu wenye ulemavu, mmoja wetu anaitwa mbele, anakabidhiwa kiti mwendo, kamera zinapiga picha, muziki unapanda, ratiba inaendelea. Aliyepewa kiti hakuulizwa neno hata moja. Kipaza sauti kilipita juu ya kichwa chake.

Sikikatai kiti chenyewe. Kwa mtu anayetambaa kwenye mchanga wa Bahi au Chamwino, kiti mwendo ni kwenda zahanati bila kubebwa mgongoni, ni kwenda mnadani kuuza kuku wake mwenyewe. Ndiyo maana naumia kinapogeuzwa zawadi ya kampeni. Nchi hii ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu tangu mwaka 2010, na mwaka mmoja kabla ya hapo tuliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Haki iliyoandikwa kwenye sheria haitolewi na mgombea mfukoni mwake. Tena tairi la kiti hicho likipasuka, mgombea ameshafika Singida na hakuna anayejua spea inapatikana wapi.

Wanaodhani sisi ni kikundi kidogo cha kupigwa nacho picha waisome Sensa ya 2022. Kwa watu wenye umri wa miaka saba na kuendelea, asilimia 11.2 wana ulemavu wa aina fulani. Ni zaidi ya mmoja katika kila watu kumi, na huyo mmoja ana ndugu, jirani na mwenza ambao nao wanapiga kura. Chama chochote kikiambiwa kuna kundi la ukubwa huo ambalo halijaamua, kitalala mlangoni kwao.

Lakini kabla ya ilani na ahadi, kuna kura yenyewe. Rafiki yangu mmoja ni mwalimu asiyeona, amesoma nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole, tangu darasa la kwanza. Kwa watu kama yeye kuna kifaa maalumu. Karatasi ya kura inaingizwa ndani ya jalada lenye matundu yaliyopangwa sambamba na nafasi za wagombea, pembeni kuna nukta nundu, na mpiga kura anahesabu kwa vidole hadi kwenye tundu analolitaka, anaweka alama yake. Hakuna anayeona, hakuna anayesikia. Asiyejua nukta nundu anaruhusiwa kwenda na mtu anayemwamini. Utaratibu ni mzuri. Ila kwenye uchaguzi mmoja uliopita, kituo alichokwenda mwalimu huyo hakikujua kifaa kiko wapi, foleni ilikuwa ndefu, jua kali, watu wakaanza kunung'unika. Akaambiwa amtumie kijana wa jirani aliyemsindikiza.

"Mdogo wangu," aliniambia baadaye, "nilimnong'oneza jina, naye akalirudia kwa sauti ili ahakikishe. Chumba kizima kikajua."

Kijana hakuwa na nia mbaya. Ila kura ya siri ya mwalimu ilikufa pale, na haikuingia kwenye taarifa yoyote, maana kwenye hesabu alionekana amepiga kura kama wengine. Ndiyo maana mtu akiniambia watu wenye ulemavu wanajitokeza kwa wingi, namuuliza walipigaje hiyo kura. Kituo kikiwekwa kwenye darasa lenye ngazi mbili na mlango mwembamba, mwenye kiti mwendo atanyanyuliwa na vijana wanne kama mzigo wa alizeti. Utu wake umebaki nje hata kama kura imeingia sandukuni.

Kwenye mikutano hali ni ile ile. Jirani yangu fundi cherehani ni kiziwi. Anakwenda mikutano ya vyama vyote, anasimama karibu na jukwaa, anaangalia midomo ya watu na fulana wanazogawiwa. Mkalimani wa lugha ya alama hamna. Ukumbi wa Bunge uko mji huu huu, na sera zitakazotungwa humo zitamgusa, ila anayeziombea kura amemwachia akisie. Chama kinachomudu kukodi jukwaa, jenereta na bendi kinamudu kumlipa mkalimani.

Mji huu una kumbukumbu ambayo wagombea wangepaswa kuulizwa. Mwaka 2014 Bunge Maalumu la Katiba liliketi hapa. Kati ya wajumbe 201 walioteuliwa kutoka makundi mbalimbali, 20 walitoka kwenye makundi ya watu wenye ulemavu. Kwa hiyo nchi ilishawahi kukubali kwamba katiba haiandikwi bila sisi. Kura ya maoni ya wananchi kuhusu katiba hiyo mpya ikaahirishwa mwaka 2015, na hadi leo Katiba tunayoitumia haina kiti hata kimoja cha ubunge kilichotengwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Uganda wana wabunge watano wanaoliwakilisha kundi hili. Kenya Katiba yao ya 2010 inawataja kwenye viti vya uteuzi. Sisi tunategemea chama kitakavyoamka.

Na wananchi si wagumu kama viongozi wa vyama wanavyodhani. Mwaka 2010 watu wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany, mtu mwenye ualbino, kuwa mbunge wao, kwa kura za jimbo, si kwa kuteuliwa. Walimsikiliza wakamwamini. Kwa hiyo nikisikia kwamba "wapiga kura hawako tayari," najua kizuizi kiko kwenye kura za maoni za kupata wagombea ndani ya vyama, ambako fomu, usafiri na ukarimu kwa wajumbe vinataka fedha ambayo wengi wetu hatuna.

Habari ya ualbino inanirudisha kwenye jambo zito. Kabla ya uchaguzi wa 2015 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitahadharisha kwamba msimu wa siasa unaweza kuongeza mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, kwa sababu ya imani kwamba viungo vyao vinaleta ushindi. Mwaka 2024 tuliomboleza mtoto mdogo aliyechukuliwa mikononi mwa mama yake Muleba, Kagera, akauawa. Kila mgombea, wa chama chochote, angepaswa kulikemea jukwaani kwa maneno ya wazi, kwamba anayekwenda kwa mganga kutafuta kura kwa njia hiyo ni muuaji. Wanatoa nusu saa kwa barabara. Dakika mbili za hili haziwashindi.

Kisha fedha. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia mbili kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Aprili 2023 mikopo ikasitishwa ili utaratibu urekebishwe, ikarejea mwaka uliofuata. Kwa mwenye duka kubwa huo ni muda mfupi. Kwa kikundi cha akina mama wanaosindika karanga, mtaji ulishaliwa. Kuna pia takwa la kwamba mwajiri mwenye watu 20 au zaidi ahakikishe asilimia tatu ni watu wenye ulemavu. Wizara zimehamia Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma, kampuni zinafungua ofisi hapa kila mwezi, na vijana wetu wenye shahada wanaendelea kuuza vocha.

Mgombea udiwani atafika mtaani kwetu Nkuhungu siku yoyote. Nitakuwepo na mwalimu na fundi cherehani, na nitamtafsiria fundi kwa alama chache ninazozijua. Tutamuuliza hiyo asilimia mbili ilikwenda kwa vikundi gani mwaka jana na orodha itabandikwa lini kwenye ofisi ya mtaa, zahanati yetu itapata lini njia ya mserereko ya kupitisha kiti mwendo, na nani katika chama chake mwenye ulemavu aligombea safari hii. Tunataka majina, kiasi na mwezi. Akianza kutusifu kwa uvumilivu wetu, tutalirudia swali la kwanza.