Hesabu Nayo Ni Sitara

Kijana wa jirani zetu hapa Wete, Pemba, alipojiua mwaka jana, matangani lilisemwa neno moja tu: "Aliumwa ghafla." Nami nilipoulizwa na jamaa wa Unguja kwenye simu, nikajibu hivyo hivyo. Siku tatu kabla nilikuwa nimeiona stetasi yake ya WhatsApp: "Nimechoka na kila kitu." Niliisoma nimesimama gengeni nangoja chenji, nikapitisha kidole kwenda stetasi nyengine. Baada ya saa 24 ikajifuta.

Tangu siku ile najiuliza yule kijana yumo wapi kwenye hesabu ya waliojiua. Kama kila aliyeulizwa alijibu kama mimi, basi hayumo popote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa wenye miaka 15 hadi 29 hiyo ni sababu ya tatu ya vifo. Linakadiria tu, maana nchi nyingi hazina hesabu ya kuaminika.

Sisi kuficha huko twakuita sitara. Naiheshimu sitara, nimelelewa nayo. Lakini kinachotaka kusitiriwa ni jina la marehemu na nyumba yake, na hesabu haina haja ya jina. Inataka umri, wilaya, mwezi, na njia iliyotumika. Sri Lanka waliangalia takwimu zao, wakaona ni dawa zipi za shambani zinazoua watu, wakazipiga marufuku moja baada ya nyengine. Tangu katikati ya miaka ya 1990, kiwango cha kujiua kimeshuka huko kwa kama asilimia 70. Si kwamba huzuni iliwaisha watu wa Sri Lanka. Mtu aliyefikwa na saa mbaya hakuikuta sumu ile ghalani, na saa ikapita.

Zanzibar hatuanzi mikono mitupu. Chini ya mpango wa Jamii ni Afya, wahudumu wa kujitolea hupita nyumba kwa nyumba na simu zenye programu inayowaongoza cha kuuliza. Kwetu huja bibi mmoja. Huvua makubadhi mlangoni, hukaa mkekani, huuliza habari za mtoto na chanjo zake. Nataka simu ile imwongoze aulize na hili: je, kuna siku umeona bora usingekuwa hai? Swali la aina hiyo limo tayari katika PHQ-9, dodoso la maswali tisa la kupima sonona, ni la tisa, na dodoso lenyewe limeshatumika Tanzania kwa Kiswahili. Wazee watasema swali litamtia mtu wazo. Halimtii. Watafiti wamelichunguza hilo mara nyingi, na baadhi wakiulizwa hupata nafuu.

Ila akijibu ndiyo, awepo wa kumpokea siku ile ile, hapa hapa Pemba, asiambiwe apande boti akatafute daktari hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, Unguja. Pasipokuwa na hilo, bora tusimuulize.

Na siri. Shehia ni ndogo, mkwe yuko jikoni anasikiliza. Mhudumu ampe mtu simu abonyeze mwenyewe, na jibu asilione sheha wala jirani. Mwanzoni mwa 2022 ilibainika kuwa Crisis Text Line, huduma ya Marekani ya kuwasaidia walio katika dhiki kwa ujumbe wa simu, ilikuwa ikiipa kampuni ya biashara data za mazungumzo yao, majina yakiwa yameondolewa. Watu walikuja juu, ikaacha. Kwetu likitokea hilo mara moja tu, hakuna atakayejibu tena.

Juzi usiku niliona stetasi nyengine, ya msichana ninayemjua kwa mbali. Nilimpigia, hakupokea. Nikampigia mama yake mdogo. Naye akampigia, na simu yake msichana aliipokea.