Kabla hamjaendelea kusambaza ile picha ya bukta

Basi tuyamalize leo. Tangu Jumamosi usiku simu yangu haijapumua, kisa picha aliyonipiga swahiba wangu nimesimama na bukta. Watu niliosoma nao darasa la tatu, ambao hata nilipofiwa hawakunipigia, wananiandikia "pole na kaa." Mwingine ameuliza kama ni kweli nilimkumbatia mama mkwe. Sikumkumbatia. Nilimshika bega, tena kwa sababu nilikuwa naanguka. Hayo ya kumkumbatia ameyatia chumvi swahiba wangu, na chumvi kule tulikokuwa haikuwa ya kutafuta.

La pili, bukta. Ile bukta nyekundu ya Simba ni ya kaka yangu. Zangu zilikuwa kambani, zimeloa. Wananchi wenzangu wa Yanga, tulieni, sijahama.

Sasa wanaonifuata tangu zamani wanaujua ugonjwa wangu. Wenzangu wikiendi wanatazama mpira, mimi nafunga duka, nachukua darubini, naenda Nunge, chumvini kule Bagamoyo, kutazama ndege. Nimeshawaona heroe, nimeshawaona sululu wenye mdomo uliopinda kama sindano ya gunia, vitwitwi ndio siwahesabu. Lakini kuna ndege mmoja alikuwa ananikimbia misimu miwili mizima. Mimi namwita mla-kaa. Mweupe, mgongo una weusi, miguu mirefu ya rangi ya majivu, na mdomo mweusi mnene kama patasi. Mdomo wenyewe kazi yake ni hiyohiyo ya patasi: kupasua kaa.

Mla-kaa hataki kufanana na mtu. Wataalamu wamempa ukoo wake peke yake, hana hata binamu. Hazalii kwetu, anazalia huko Oman, Somalia na pwani nyingine za upande ule, na badala ya kutaga juu ya mchanga kama wenzake wa ufukweni, anachimba shimo, anaingia ndani kabisa, anataga yai moja jeupe. Joto la Uarabuni likiisha kumchosha, kuanzia Agosti hivi anashuka pwani yetu, anakaa mpaka Aprili. Na anakuja na mwanawe. Mtoto kaweza kuruka kutoka Uarabuni mpaka Bagamoyo kwa mabawa yake mwenyewe, lakini akifika anasimama pembeni ya mzazi analia apewe kaa mdomoni, miezi na miezi. Habari hii nilimsimulia mama yangu tukiwa mezani. Akanitazama, akaitazama sahani yangu aliyonipakulia yeye, akaendelea kula.

Haya. Jumamosi ilikuwa bamvua. Msio wa pwani nisikilizeni hapa maana kesi yote iko hapa. Maji yakipwa, ndege wanasambaa huko mbali kwenye tope na mchanga, hata darubini haiwafikii. Bamvua maji yanajaa mpaka kwenye mikoko, kama saa kumi alasiri, na ndege wanakosa pa kusimama. Wanahamia kwenye majaruba ya chumvi, ambako maji ni ya kifundo cha mguu. Kwa hiyo mtu mwenye akili anawahi chumvini saa saba, anajificha, anasubiri maji yamletee ndege.

Nilichosahau ni kwamba maji hayachagui. Yanayowafukuza ndege kule nje ndiyo hayohayo yanayowafukuza akina mama wanaookota tondo na kombe.

Kibanda chenyewe cha kujifichia tumekijenga wenyewe, mimi na swahiba. Miti, makuti, ukubwa wa choo cha shimo. Mbele kuna upenyo mwembamba wa kuchungulia, chini kabisa, kwa hiyo unapiga magoti juu ya gunia. Nyuma kuna mlango wa makuti unaofungwa kwa kamba. Sheria ni tatu: usiongee, usitikisike, usivae rangi kali. Hasa nyekundu.

Tulipokuwa tunapita juu ya tuta kuelekea kibandani nikateleza, nikakaa jarubani, tope mpaka kiunoni. Suruali ikawa ya tope tupu, na maji ya chumvi yakikukaukia mwilini unawashwa kama umelalia upupu. Swahiba akasema, kwa upole ambao sasa nauona ulikuwa wa kishetani, "Vua nikakusuuzie kwenye bomba kule, robo saa tu." Nikavua. Akaondoka na suruali, na kamera yake yenye lenzi ndefu kama bomba la masizi. Akaniachia kikapu chenye kaa wawili wakubwa wa mikokoni, aliowanunua kwa vijana asubuhi kwa ajili ya chakula cha usiku. Wale wenye gando la kukata kidole.

"Umewafunga vizuri?"

"Nimewafunga mimi mwenyewe."

Huyu ni mtu ambaye kamba za viatu vyake huwa zinafunguka akiwa amekaa.

Saa nane na kitu nikaanza kuwasikia vitwitwi wanashuka. Nikapiga magoti, jicho kwenye upenyo. Yangeyange wawili, kisha kundi la sululu. Moyo unaanza kwenda mbio. Halafu nyuma yangu nikasikia ndoo inawekwa chini. Ya pili. Ya tatu.

"Hapa pana kivuli. Tupumzike kidogo, jua hili litatuua."

Akina mama watatu. Wamekaa wameegemea mlango. Mlango wangu.

Mngefanya nini? Msinijibu, najua mtakayosema. Mngekohoa, mngesema hodi mngali ndani, mngejitambulisha. Mimi nilikuwa na fulana ya rangi ya majani na bukta ya Simba. Nikanyamaza, nikasema moyoni watapumzika dakika tano wataondoka.

Kisha nikaisikia ile sauti. Nimeisikia mara mbili tu maishani, mara zote mbili nikiwa nimeinamisha kichwa. Mama yake yule binti ambaye barua yangu ya posa inakwenda kwao Ijumaa hii.

"Eti mwenzetu unaozesha?" mmoja akaanza.

"Inshallah. Barua inakuja Ijumaa."

"Kijana anafanya kazi gani?"

"Ana kibanda cha simu pale sokoni. Anatengeneza, anauza vocha. Akifunga, anakwenda kutazama ndege."

"Kuwinda."

"Kutazama."

Kimya. Nikasikia mtu anabandua kombe.

"Anawafuga?"

"Hawafugi. Anawatazama, wakiruka, anarudi kwao."

"Eeh! Mpelekeni kwa shehe akasomewe."

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja, na wakati huohuo, wallahi nawaapia, ndege akashuka mbele ya upenyo. Mweupe. Mgongo mweusi. Mdomo wa patasi. Hatua sita kutoka puani kwangu. Nyuma yake akashuka wa pili, mwenye rangi ya kijivu iliyofifia, na akaanza palepale kulia na kujipendekeza. Mtoto! Misimu miwili nimewasaka, na leo wamekuja mama na mwana, na mama ana kaa mdomoni.

Nikainua simu taratibu. Hapa nataka mwende polepole na mimi, kwa sababu ilivyokuwa haikuwa haraka.

Kwanza kitu kikagusa kisigino. Nikadhani ni unyasi wa gunia. Simu imefika usawa wa upenyo, natafuta ndege kwenye kioo. Kitu kikagusa tena, nyuma ya goti, na safari hii kilikuwa cha baridi, na kilikuwa na miguu, na miguu ilikuwa mingi. Nikageuza macho bila kugeuza kichwa. Kikapu kilikuwa kimelala ubavu. Ndani alikuwemo kaa mmoja.

Nikafanya hesabu. Nikiruka, ndege wataruka. Nikipiga kelele, mkwe atasikia. Nikitulia, kaa ni mnyama wa Mungu, atapita zake. Nje mama mkwe anasema:

"Mwacheni jamani. Mimi nimempenda. Kijana ana haya yule."

Kaa yuko chini ya paja, anapapasa. Ndege mkubwa anampasua kaa wake. Mtoto amefungua mdomo.

"Siku ya Idi alikuja kutusalimia, hakuinua macho mpaka anaondoka."

Kaa amesimama. Nahisi anafikiri.

"Siku hizi kijana mwenye haya utampata wapi?"

Hapo ndipo aliponibana. Ndani ya paja, juu, pale inapoishia bukta na kuanza heshima.

Sikumbuki nilivyosimama. Kichwa kiliingia kwenye makuti ya paa na kubaki huko kidogo. Sauti iliyotoka ilisema "Uwii mama nakufa," na wenye nyumba karibu na chumvini wamethibitisha kwamba walisikia. Ndege wote wa Nunge waliondoka kwa mkupuo mmoja, ungedhani shuka limekung'utwa. Mimi nikatoka mlangoni, na mlango nao ukatoka na mimi, na ndipo nilipomshika bega mama mkwe, kwa sababu ndoo yake ya kombe ilikuwa njiani.

Sasa nimesimama juani. Fulana ya kijani, bukta nyekundu, vipande vya makuti kichwani, na kaa ananing'inia. Akina mama watatu wananitazama kutoka chini. Na mimi, mtoto niliyelelewa vizuri, mdomo wangu ukafanya ulivyofundishwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," akajibu, maana naye amelelewa vizuri. Kisha macho yake yakashuka.

"Ndiye huyu?" akauliza wa pembeni.

"Ndiye."

Nikamshika kaa ili nimvute. Mama mkwe akapiga ukelele: "Usimvute! Kaa!"

"Ndiyo mama, ni kaa."

"Nakwambia kaa!"

"Namwona mama, ni kaa!"

"Kaa chini! Kaa kwenye maji!"

Mimi nikidhani ananieleza kaa huishi wapi, nikasema, "Huyu ni wa mikokoni." Wale wawili wengine walikuwa wameshalala chini, mmoja anapiga tuta kwa kiganja.

Mwishowe akanisukuma mwenyewe. Nikakaa jarubani. Na alikuwa na haki, mama huyu anajua bahari: kaa akijikuta majini huachia akakimbia. Aliachia. Ila lile lilikuwa jaruba la chumvi, na mimi nina jeraha jipya. Nyie endeleeni kucheka.

Yaliyobaki ni mafupi. Mama mmoja alinionea huruma akanipa kanga yake, nikaifunga, na sikuona imeandikwaje mpaka nilipofika barabarani na bodaboda akaisoma kwa sauti: Mdhaniaye siye kumbe ndiye. Swahiba alikuwa amesimama juu ya tuta muda wote, suruali yangu begani, kamera usoni. Lenzi ile ya ndege, anasema ilikuwa tayari imewashwa. Picha ni kali hata mshono wa bukta unahesabika. Ya ndege hana. Mimi ya ndege ninayo moja, na ukiikuza sana unaona mguu wa rangi ya majivu na upande wa kushoto wa mdomo uliofunguka wa yule mtoto anayesubiri chakula. Nimeihesabu, nimemwandika kwenye daftari, asiyekubali aende akapige yake. Kaa tuliwala usiku kwa nazi, yule wa jarubani akiwemo, mama mkwe mwenyewe ndiye aliyemdaka.

Jumapili yule binti akaniandikia: "Mama anasema barua ilete tu. Anasema hata katika shida hukusahau kumwamkia." Nikashusha pumzi ya kwanza tangu jana yake. Dakika mbili baadaye akaongeza: "Na anauliza, ile bukta ni yako?"

Nimejibu ya kaka. Kwa hiyo Ijumaa baada ya swala barua inakwenda, ushahidi wa kadi ya Yanga nimeutia ndani ya bahasha. Tatizo limebaki la mshenga. Tulishamchagua mwezi uliopita, wazee wameshampitisha, kanzu ameshashona, na nauli nimeshampa. Sasa hivi yuko hapa dukani kwangu, amekaa kwenye kiti cha wateja, anawaonyesha watu picha.