Kabla hujazigeuza euro kuwa shilingi

Swali ninaloulizwa sana na vijana wa Dar ni moja: "Kaka, mbunifu wa tovuti Ujerumani analipwa ngapi?" Nikitaja euro 3,500 kwa mwezi, kijana anapiga hesabu ya shilingi papo hapo, anaona mamilioni, anaanza kuulizia viza.

Pole pole. Kwa mshahara huo, asiye na mke wala mtoto anabaki na euro 2,300 hivi mkononi. Bima ya afya, bima ya kukosa kazi, bima ya kutunzwa uzeeni na kodi ya mapato, vyote vinakatwa kabla hujaiona hela. Pensheni ni asilimia 18.6, ingawa nusu yake anabeba mwajiri. Hapo hujalipa pango, na pango la Berlin au Munich silitamani kulizungumzia.

Kinachonishikilia huku Ujerumani, mimi niliyejiajiri, ni ankara. Nikiitumia kampuni ankara na siku 30 zikapita bila kulipa, sheria inahesabu imechelewa: naruhusiwa kudai riba ya asilimia 9 juu ya riba ya msingi, na euro 40 za usumbufu. Sijawahi kuzidai. Inatosha kwamba mhasibu wao anajua zipo. Dar nimeambiwa "bosi kasafiri" na "njoo Jumatatu" huku tovuti iko hewani, inawaletea wateja, na hostingi, yaani gharama ya kuiweka tovuti mtandaoni, nalipia mimi. Halafu jamaa huyohuyo anaomba bei ya kishkaji kwa kazi ya pili!

Huku pia aliyejiajiri hajatupwa. Tangu 1983 kuna mfuko wa bima ya jamii wa wasanii, Künstlersozialkasse, na wabunifu wa tovuti wengi wanakubaliwa humo. Unachangia karibu nusu tu ya bima ya afya na pensheni, kama vile una mwajiri. Hiki ndicho ningependa tukiige nyumbani, kuliko hayo makongamano ya ubunifu.

Kuhusu kupanda ngazi sina jibu moja. Huku kazi imegawanywa: mmoja anachora kurasa kwenye Figma, programu ya kubunia tovuti, mwingine anaandika msimbo, mwingine anapima kama asiyeona ataweza kuitumia tovuti. Huyo wa mwisho soko lake limechangamka, maana sheria ya Ulaya ya ufikivu ilianza kuyabana maduka ya mtandaoni Juni 28, 2025. Ukibobea, unapanda. Dar nilichora, nikaandika msimbo, nikapiga picha za bidhaa, na printa ya ofisi ikigoma naitwa mimi. Lakini huko ndiko nilikojifunza kukaa na mteja na kupatana bei. Nina mwenzangu hapa, mtaalamu kweli kweli, kazi hiyo hajawahi kuifanya.

Kwa hiyo mwenye wateja wa kudumu Dar wanaolipia matengenezo kila mwezi, sioni anachofuata huku. Kijana anayetaka kubobea, aje, tena apitie mafunzo ya kazi ya miaka 3, Ausbildung, ila Kijerumani akisome kwanza. Vikao na wateja wa kampuni ndogo ni Kijerumani mwanzo mwisho.

Mimi nikirudi, nusu ya hela nachukua kabla sijafungua kompyuta, nusu kabla tovuti haijaenda hewani. Hata kwa mjomba. Hasa kwa mjomba.