Kadi ya Kura ya Maji

Machi 2023, Waholanzi walipokuwa wakichagua wawakilishi wa majimbo yao, mimi nililetewa kadi moja tu ya kupigia kura. Kwa kuwa si raia, uchaguzi wa majimbo haukunihusu. Kadi yangu ilikuwa ya baraza la maji, chombo kinachosimamia matuta na mitaro ya eneo, ambalo huchaguliwa na wakazi halali wa eneo lake waliotimiza miaka 18, wakiwemo wageni, maana nao hulipa kodi ya maji na hulala nyuma ya tuta lile lile. Kadi ilikaa mezani siku kadhaa, na kila nilipoitazama nililiwaza bonde la mto Pangani, kwetu Tanzania.

Uholanzi ina mabaraza 21 ya namna hiyo. Mipaka yake hufuata zaidi mkondo wa maji kuliko mipaka ya majimbo, kodi yake hukusanywa kwa ajili ya kazi yake yenyewe, na lile la Rijnland linatajwa katika hati ya mwaka 1255. Wengi hudhani nguvu yake iko kwenye mitambo. Mimi naiona zaidi katika ukaguzi wa mitaro: vuli inapofika, mwenye ardhi inayopakana na mtaro hukumbushwa kuondoa magugu na matope, kisha mkaguzi hupita kandokando na buti zake za mpira, akiinama kuchungulia kalvati moja baada ya nyingine, na aliyezembea hupewa muda wa kumaliza kazi kabla baraza halijaifanya kwa gharama yake.

Hilo kwetu si geni. Wachaga walichimba mifongo, yaani mifereji ya jadi, kuteremsha maji ya vijito vya Kilimanjaro hadi kwenye migomba, na waliokuwa wakiutumia mfongo walijua siku ya kufukua na zamu ya kumwagilia. Aliyekwepa kufukua alijiweka pabaya zamu zilipogawiwa. Sheria nayo haikosekani. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani iliundwa mwaka 1991, nchi nzima ina mabonde 9, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazitambua jumuiya za watumia maji.

Tatizo ni kwamba jumuiya hukabidhiwa kazi bila mfuko. Inatarajiwa kulinda chanzo, kusuluhisha wakulima na wafugaji na kuripoti wanaochepusha mto, ilhali ada za vibali vya kutumia maji hulipwa kwenye bodi. Matokeo yake, nyingi huchangamka mradi wa wafadhili unapoingia na husinzia unapoondoka, na mwenyekiti hubaki na muhuri na daftari la zamu lisiloandikwa kitu.

Anayeumia zaidi yuko mkiani mwa mto. Karibu na mji wa Pangani, maji ya bahari hupanda mtoni kwa sababu maji matamu yanayoshuka yamepungua, na mkulima wa huko hana namna ya kumuuliza mwenye mfereji wa kule juu. Uholanzi nayo iko mkiani, mwa mto Rhine. Ghala la kemikali lilipoungua karibu na Basel, Uswisi, Novemba 1986, sumu ikaua samaki kwa mamia ya kilomita, nchi za mtoni tayari zilikuwa na tume ya pamoja tangu mwaka 1950, na mwaka uliofuata zikapitisha mpango wa kuusafisha mto.

Sisemi Waholanzi wamemaliza kazi. Mitaro yao mingi bado ina mbolea na viuatilifu kupita viwango vya Ulaya, na wakulima wana viti viwili barazani visivyopigiwa kura, jambo ambalo kwangu ni upendeleo hata kama wahifadhi wa mazingira nao wamepewa viwili.

Kwa bonde la Pangani ningeanza na mambo mawili: sehemu ya ada za vibali ibaki kwa jumuiya za watumia maji, kwa mujibu wa sheria na si kwa hisani, na mtu wa mlangoni mwa mto awe na kiti chenye kura kila vibali vya huko juu vinapojadiliwa.