Kusikiliza kitabu nako ni kusoma? Inategemea kitabu gani na uko wapi

Kuna ubishi siku hizi kwamba mtu anayesikiliza kitabu hajasoma, katafuta njia ya mkato tu, na wanaosema hivyo huwa wakali kweli. Mimi naona wanaruka kitu cha kwanza kabisa: huyo mtu alikuwa anafanya nini wakati anasikiliza, na kitabu chenyewe kilikuwa cha aina gani.

Tuchukue hapahapa Mwanza. Mtu anatoka Buhongwa asubuhi kwenda mjini, daladala imejaa, kasimama, mkono mmoja kashika bomba mwingine kashika begi, sasa kitabu atakifungua na mkono upi? Mama yuko mwaloni anaanika dagaa anawageuza juani, fundi cherehani macho yote kwenye sindano, mtu kalala na taa haipo umeme umekatika. Hao wote masikio yako huru ila mikono na macho hapana, na ukiwanyima sauti hawatashika karatasi, watakaa bila kitabu basi. Halafu ukanda huu wa ziwa tumelelewa na redio, Radio Free Africa inarushwa kutoka hapa mjini, hadithi na michezo ya kuigiza ya redioni watu wameisikia tangu wadogo wakiwa jikoni au dukani, kwahiyo kupokea simulizi kwa sikio sio ugeni wa simu janja.

(Dereva wa bodaboda mwenye erfoni masikio yote mawili, huyo simtetei, honi ya lori hataisikia.)

Na tusisahau vitabu vya sauti vilianza kwa ajili ya nani. Miaka ya 1930 Marekani na Uingereza walivitengeneza kwa ajili ya wasioona, Uingereza ilianza 1935 na kati ya waliolengwa ni wanajeshi waliopofuka kwenye vita kuu ya kwanza. Ilikuwa santuri, zile sahani za gramafoni, upande mmoja dakika kama 25, riwaya moja inakula santuri kama kumi hivi. Sasa huku kwetu, kisiwani Ukerewe na Mwanza nzima tuna ndugu zetu wengi wenye ualbino na wengi wao uoni ni hafifu, maandishi madogo ya kitabu cha shule yanawatesa. Ukimwambia mtu kama huyo kwamba kusikiliza sio kusoma unamfungia mlango, na hilo linaniuma.

Ila upande wa pili nao una nguvu yake, na hapa mashabiki wa sauti huwa hawapendi kusikia. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2010, wanafunzi walipewa mada moja ya kisayansi, wengine wasikilize podikasti ya dakika 22, wengine wasome makala ya karatasi, siku mbili baadae wakapewa jaribio. Waliosoma walipata wastani wa asilimia 81, waliosikiliza 59. Hiyo tofauti sio ndogo jamani. Sababu haijajificha: ukisoma na ukakwama jicho linarudi lenyewe mstari wa juu, unapunguza mwendo bila hata kujua, unapiga mstari kwa penseli, lakini sauti inaenda tu, ukiwaza kidogo deni la vikoba unashtuka msimulizi kashafika sura nyingine na kurudisha nyuma unaona uvivu.

Kwa hadithi mambo yanabadilika. Mwaka 2019 watafiti wa chuo kikuu cha California pale Berkeley walipima ubongo wa watu wakisikiliza hadithi kisha wakisoma hadithi zilezile, wakakuta maana za maneno zinashughulikiwa sehemu karibu zilezile. Kwahiyo mwanafunzi wa form four anayejiandaa na fizikia kwa kusikiliza tu ajue anajipunja, ila anayesikiliza riwaya hana deni na mtu. Na mtoto anayejifunza kuandika asiachwe na sauti peke yake, hizi l na r tunazozichanganya mitandaoni zinanyooka kwa kuona neno limeandikwa, sikio halitoshi.

Kwenye gharama watu wanadhani sauti ni rahisi. Piga hesabu: MP3 ya ubora wa kawaida wa maongezi, kilobiti 64 kwa sekunde, saa moja ni kama MB 29, kitabu cha saa kumi karibu MB 290, na hilo ni bando la mtu. Kitabu cha karatasi ukinunua mara moja kinasomwa na nyumba nzima, kinaazimwa mtaa mzima, na maktaba ya mkoa iko pale mjini.

Lakini kinachonisumbua zaidi ya yote ni kwamba tunabishana sauti au karatasi wakati vitabu vya Kiswahili vya kusikiliza vilivyotengenezwa vizuri ni vichache mno. Nyingi tunazopata ni mtu kakaa na simu anasoma kitabu cha mwenzake anaweka YouTube bila ruhusa, mwandishi hapati hata mia. Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, ikaja kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, miaka 35 baadae, na yeye akafariki 1981. Ile ni hadithi ya Myombekere na mkewe Bugonoka, imejaa maisha ya kisiwani, kilimo, ndoa, ugonjwa, yaani ilivyo ndefu inafaa kabisa kusikilizwa usiku melini kwenda Bukoba. Ningetamani isomwe na mtu wa Ukerewe anayejua majina yale yanatamkwaje, kwa makubaliano na wenye haki, familia ilipwe. Na Kikerewe chenyewe kirekodiwe wakati wazee wanaokizungumza vizuri bado wapo.